Namba ya Mahindi ya Shule

Kompyuta ikikukataa haikutukani. Ingekutukana ingekuwa afadhali, kwa sababu mtu akikutukana unajua walau amekusikia. Yetu ya maabara, Jumanne ile, ilimwaga mistari myeupe kwenye kioo cheusi mpaka macho yakaniuma, kisha ikasimama na kusema kwa Kiingereza chake kikavu kwamba kazi imeshindikana. Mimi ndiye mtu wa data hapo. Nina cheti cha takwimu ambacho mama yangu amekitundika sebuleni kwetu Manyatta, juu ya televisheni, na siku ile nilitamani kukipeleka jikoni kikawashie moto.

Niseme kwanza tulikuwa tunatafuta nini. Maabara yetu iko Embu mjini, vyumba vitatu na tangi la maji, na kazi yake ni kupima mahindi. Mahindi yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri huota ukungu, na ukungu huo huacha sumu ambayo jina lake, aflatoksini, siku hizi hata watoto wa darasa la nne wanalijua. Haina harufu. Ukiichemsha haifi, ukiianika haitoki, ukichambua kwa mkono utatupa punje mbovu na kubaki na punje nzuri zenye sumu ileile. Inakula ini la mtu. Ikiwa kidogo humla polepole kwa miaka, ikiwa nyingi haina subira.

Anayepima ni Wambeti. Ni binti wa Mbeere, kule chini kwenye joto ukishapita Kiritiri, mikono yake haitetemeki na mdomo wake hauna breki. Hupenda kuniambia kwamba sisi watu wa juu tulizaliwa kwenye majani chai ndiyo maana hatujui njaa inafananaje. Wiki ile aliletewa mfuko wa mahindi kutoka kwa kikundi cha wanawake cha kwao, na mwenyekiti wa kikundi hicho ni mama yake mzazi, Igoki.

Igoki nilikuwa namjua. Aliwahi kuja maabara na sufuria ya githeri, mahindi yaliyochemshwa na mbaazi, imefungwa kwa leso, bado ya moto. Kabla ya kutupakulia alichota kijiko cha kwanza, akakila mbele yetu, akameza, ndipo akatoa sahani. Kwao mwenye chungu huonja kwanza, ili mgeni aone kwamba chakula hakina neno. Bosi wetu, Daktari Kiunga, alimtania kwamba hapa kwetu chakula hupimwa kwa mashine. Yule mama akamjibu, bila kucheka, kwamba mashine ya kwanza ni yeye. Tulicheka sisi.

Mahindi yale yalikuwa ya shule. Kila msimu wanawake wa kikundi huleta walichovuna, kila mmoja anachoweza, na yote humwagwa kwenye ghala moja, lundo moja, ili asijulikane aliyeleta gunia na aliyeleta kikombe. Ni ustaarabu mzuri, nausifu, ingawa debe moja bovu likiingia humo hakuna tena la kutenganisha. Kutoka kwenye lundo hilo watoto wa shule ya msingi ya jirani hupikiwa chakula cha mchana. Mwaka huo mvua iliwahadaa watu, ikakosekana wakati wa kupanda ikaja wakati wa kuvuna, na watoto wengi hawakuwa na chakula kingine cha maana ila hicho. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Wambeti alisaga, akachuja, akaweka matone kwenye ile sahani yetu ya plastiki yenye visima vidogo. Kipimo chenyewe kina ukaidi wake: mwishoni maji ya visima hugeuka manjano, na manjano ndiyo habari njema. Yakikolea, mahindi ni safi. Yakififia, kuna sumu. Visima vya mahindi ya kina mama wale vilibaki vyeupe, karibu kama maji ya kunywa. Aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha, akaiinua tena. Siku hiyo hakunitania.

Alimpigia mama yake palepale, simu ikiwa mezani na sauti ikisikika chumba kizima. Waliongea Kimbeere. Mimi Mwembu, kwa kuwa lugha zetu zinasikilizana, nilisikia kila neno.

“Mami, hayo mahindi ni mabaya. Yasipelekwe shuleni.”

“Mabaya kiasi gani?”

“Mabaya sana. Nimeyaona kwa macho yangu.”

Kuku alisikika upande wa pili. “Kwa macho,” Igoki alisema. “Wambeti, unawajua watu wa hapa. Mwaka juzi pia mliona kwa macho.”

Alikuwa na haki. Mwaka juzi mashine yetu ya kusoma sahani iliharibika, na Daktari Kiunga, mtu wa Kianjai aliyeyasomea mambo haya mpaka mwisho wake, alikadiria kwa jicho na karatasi ya grafu. Akasema mahindi ya kikundi yana sumu. Likachimbwa shimo, mahindi yakamwagwa, yakatiwa mafuta ya taa, watu wamesimama wanatazama chakula chao kikizikwa. Baadaye sampuli iliyobaki ilipimwa mahali pengine ikatoka safi. Watoto walimaliza muhula ule wakishinda njaa. Tangu hapo kikundi kikala kiapo kwamba bila namba hakuna shimo. Daktari naye akala chake: hakuna namba itakayotoka kwenye maabara hii ila imepita kwenye mkunjo wa kompyuta, ule mstari wa grafu unaogeuza rangi kuwa namba, na pembeni yake imeandikwa inaweza kukosea kwa kiasi gani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa walioumwa walikuwa pande zote mbili.

“Nitawaambia wangoje namba,” Igoki alisema. “Lakini Jumapili tukitoka kanisani mwalimu mkuu anakuja na mkokoteni. Zaidi ya hapo hawatangoja. Hakuna mahindi mengine, mwanangu, na wewe unajua.”

“Namba utapata kesho,” Wambeti alimwambia, akinitazama mimi.

Sasa tatizo langu. Mashine ya kusoma sahani haikwambii sumu ni ngapi, inakwambia tu rangi imekolea kiasi gani. Kutoka kwenye rangi hadi kwenye sumu lazima upitie ule mkunjo, na mkunjo ulikuwa ukichorwa na programu iliyokuwa kwenye kompyuta ya zamani. Kompyuta ya zamani ilikufa mwezi uliotangulia, stima iliporudi kwa kishindo baada ya kupotea. Iliyobaki ni ile tuliyoachiwa na mradi mmoja ulioisha, ya Linux, na ndani yake kuna R, programu ya takwimu ya bure. R yenyewe haiji na mkunjo huo. Unaomba kiongezeo kutoka mtandaoni, kinakuja kikiwa maandishi matupu ya programu, na kompyuta yako inakijenga yenyewe hapohapo.

Ndipo palipokwama. Kujenga kunahitaji maktaba, yaani vipande vya hesabu ambavyo wengine walishaviandika zamani. Kompyuta yetu ilikuwa nazo maktaba hizo, lakini za kutumia tu. Zile za kujengea, ambazo majina yake huishia na dev, hakuna mtu aliyewahi kuziweka. Wambeti aliniuliza inawezekanaje kitu kiwepo na kisiwepo. Nilimwambia unga upo jikoni, lakini unga haupandwi. Alinielewa haraka kuliko nilivyotaka.

Makosa ya namna hii husomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho hukuambia tu kwamba umeshindwa. Sababu yenyewe imelala huko juu, imefunikwa na mistari isiyo na maana, na haina haraka ya kuonekana. Nilipanda nao mpaka nikaipata: ilikuwa haioni maktaba inayoitwa lapack. Dawa yake ni amri moja fupi. Niliiandika, na kompyuta ikaniomba neno la siri la msimamizi.

Msimamizi alikuwa Gedion. Mradi ulipoisha alipata kazi Timau, kwenye shamba la maua, kutunza kompyuta za kunyunyizia maji, na neno la siri akaondoka nalo kichwani kama mpangaji anayehama na ufunguo wa geti. Kule shambani simu huachwa mlangoni mtu akiingia kazini. Nilimpigia, nikamwandikia, nikampigia tena, na simu ikalia hadi ikachoka.

Jumatano asubuhi niliingia kwa Daktari Kiunga na karatasi ya grafu mkononi. Nadhani aliiona kabla ya kuniona mimi.

“Daktari, nipe ruhusa nichore na mkono. Itakuwa karibu tu na ile ya ukweli.”

“Karibu ni wapi, Munyi?”

“Hata ikikosea, hiyo sample ni chafu. Wambeti ameona, mimi nimeona.”

“Mimi pia niliona.” Alivua miwani. “I buried good food. Mimi mwenyewe nilisimama hapo na gumboots. Kuna mzee aliniambia kwa uso, ati serikali imetuma mtu wa kuzika chakula. Hao watu nikiwapelekea graph paper tena, si watanifukuza tu. Hawataamini hii lab maisha yao yote.”

“Na kama watoto watakula?”

“Kwani nimekuambia nataka wakule? Tengeneza hiyo computer.”

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Watu wabaya najua la kuwafanya. Alibaki amekaa na miwani mkononi, na nilipotoka nilisikia akipiga simu, akitafuta mtu mwenye programu ile ya zamani, kwanza Meru, halafu Nairobi, na kila mahali akiambiwa afuatilie wiki ijayo.

Mchana ule Igoki alipiga. Nakumbuka mpangilio wa chumba: mimi nimeinama kwenye kioo najaribu kuweka maktaba zile kwa mlango wa nyuma, bila neno la siri, na Wambeti amesimama nyuma ya kiti changu, simu mkononi, macho yake kwenye mistari.

“Namba imetoka?”

“Bado, Mami. Kompyuta inasumbua. Munyi anaishughulikia.”

“Wanaanza kusema ni uongo. Wanasema kama ingekuwa sumu ingeshajulikana. Hebu niambie. Mtu akila mahindi kama hayo, anaanza kusikia lini?”

“Yakiwa mabaya hivi na anayala kila siku? Siku tatu, nne. Anatapika, tumbo linauma, macho yanageuka manjano. Munyi, hapo, si hapo imeandika error tena?”

“Na kama hayana kitu, hatasikia chochote.”

“Eeh. Mami, ngoja nikupigie baadaye.”

Kulikuwa na watu wawili wenye vyeti chumbani, na wote wawili tulikuwa tunatazama kompyuta.

Gedion alipiga Alhamisi saa ya chakula. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake.

“Munyi, umenipigia kama mtu ananidai. Kuna nini?”

“Password ya ile machine ya project. Ya admin.”

“Woi. Huku Timau ni baridi mpaka kichwa imeganda.” Akatoa neno moja, likakataa. Akafikiri huku anatafuna kitu. Akatoa la pili, likakubali. “Lakini skiza, hiyo system ni mzee sana. Ukiiambia idownload kitu itakuambia haipati. Walihamisha server. Lazima ubadilishe address iende kwa zile za kitambo. Andika vile nakuambia.”

Niliandika. Nikamwambia ni ya nini, na kwa nini nina haraka. Mzaha ukamtoka. Alisema hatarudi kwenye maua mpaka aone nimeanza, na kweli alibaki kwenye simu akinisomea anwani, herufi kwa herufi, huku nikisikia mtu akimwita. Sijui kama alikatwa mshahara. Hakuniambia.

Mtandao wa ofisi ulikuwa umekatwa tangu mwezi uliopita, kwa hiyo tulitumia tena simu ya Wambeti tukaitegesha dirishani, mahali ambapo mawimbi hupita yakiwa na hisani. Maktaba zilishuka polepole. Lapack ikaja, na mwenzake blas, na kifaa cha kutafsiri msimbo wa kizamani. Nikaanza kujenga upya. Mistari ikatiririka, safari hii mirefu zaidi, Wambeti akavuta kiti. Tukaanza hata kucheka kidogo. Kisha ikasimama. Nilipanda juu kutafuta sababu: kiongezeo chetu kilitegemea kingine, na hicho kilitaka maktaba yake yenyewe pamoja na chombo cha kuijenga, navyo havikuwapo. Kabla sijaandika amri ya kuvileta, mawimbi yakapotea mji mzima.

Ijumaa stima haikuwapo. Walitangaza matengenezo, kuanzia asubuhi. Daktari Kiunga alikwenda mjini kutafuta jenereta ya kukodi na akarudi na moja iliyokohoa mara mbili ikanyamaza. Tulikaa gizani mchana, kila mmoja na hasira yake. Wambeti alimpigia mama yake. Sauti ya Igoki ilikuwa nzito.

“Unaumwa?”

“Nimechoka tu. Jua ni kali. Nyinyi fanyeni kazi yenu.”

“Umekula?”

“Nimekula,” alisema. “Kula ndiyo kazi yangu wiki hii.”

Wambeti alicheka akafikiri ni mzaha. Mama yake alikuwa na mizaha ya namna hiyo, isiyotabasamu.

Jumamosi asubuhi vyote vilirudi pamoja, stima na mawimbi, kana kwamba havikuwahi kutukosea. Nilivuta chombo kilichokosekana, nikavuta maktaba ya mwisho, nikaita ujenzi uanze. Ulichukua muda mrefu. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai iliyopoa. Mistari ilipokwisha nilipanda juu kwa mazoea kutafuta kosa, na kosa halikuwapo. Nikaita kiongezeo kwa jina, kikaitika. Nikakipa rangi za visima, kikachora mkunjo wake mzuri, umelala kama mteremko wa kwetu, na chini yake kikaandika namba.

Kiwango kinachoruhusiwa na sheria ni kumi, yaani sehemu kumi za sumu katika bilioni moja. Namba yetu ilikuwa na tarakimu nne. Pembeni yake kulikuwa na kiasi inachoweza kukosea, kama Daktari alivyotaka, na hata ingekosea kwa kiasi chote hicho, lile lundo lilikuwa la kuua watoto. Daktari Kiunga aliisoma, akaisoma tena, akatia sahihi akiwa amesimama.

“Piga,” alimwambia Wambeti.

Simu iliita kwa muda. Igoki aliposhika, Wambeti hakumsalimia hata.

“Mami, namba imetoka.” Akaitaja. Akataja na kumi, ili aielewe. “Daktari ametia sahihi. Tunaileta leo. Wasipeleke hata punje.”

“Asante,” Igoki alisema. “Nitawaita sasa hivi. Shimo lichimbwe leo, kabla ya kanisa la kesho, mtu asibadilishe mawazo.” Alipumua. “Ila mimi nilijua tangu jana.”

“Ulijuaje?”

“Nimekuwa nikiyapika. Tangu Jumatano jioni sijala kingine.” Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeeleza alivyopalilia. “Watu hawakuniamini kwa mdomo, na namba haikuja. Nikasema, mimi ndiye mwenye chungu. Nisipougua, niwape watoto kwa roho safi, maana hawana kingine. Nikiugua, nitasimama niwaambie nimeona. Wewe ulisema siku tatu, nne. Jana nilianza kutapika.”

Wambeti alikuwa ameushika ukingo wa meza.

“Ulisema pia macho,” Igoki aliendelea. “Kioo changu kimepasuka, kwa hiyo nimemwomba jirani aniangalie. Anasema yamekuwa manjano. Usilie, Wambeti. Nilitaka tu kujua kama ulikuwa umesema kweli, na ulikuwa umesema kweli.”

Daktari Kiunga ndiye aliyeendesha gari. Sijawahi kuona mtu mpole akiendesha vile. Tulimkuta Igoki amekaa nje ya ghala kwenye kigoda, amejifunika shuka kwenye jua lile la Mbeere, anawaelekeza vijana wapi pa kuchimba. Hakuna aliyebisha. Wale wale waliokuwa wakisema uongo, uongo, walikuwa wakibeba mahindi kwa karai mpaka shimoni, na hakuna aliyeiuliza ile karatasi yenye sahihi. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilirudi nayo Embu, haijasomwa na mtu.

Hospitalini walituambia kwamba ini lake lilikuwa limechoka tangu zamani bila mwenyewe kujua. Huenda, walisema, mahindi ya nyumbani kwake aliyokula tangu mavuno yalikuwa ya namna ileile. Hizo siku chache zilikuwa za kumalizia tu. Nilimwona mara moja tu, akiwa amelala, kisha akafungua macho akaniuliza kama kompyuta imepona. Nilimwambia imepona. Miaka yote niliyofanya kazi na Wambeti, manjano ilikuwa rangi ya kufurahia. Niliyatazama macho yale.

Alikufa kabla ya muhula kufika katikati. Shule ilikuwa ikifungwa saa sita mchana, watoto wanakwenda nyumbani na njaa yao, na kuna waliosema hata wakati huo kwamba njaa nayo inaua, na kwamba labda kidogo tu isingedhuru. Siwezi kuwalaumu na siwezi kuwavumilia.

Nimeyapitia mambo yale mara nyingi, kutoka chini kwenda juu, kama ninavyosoma makosa ya kompyuta. Kifo ni mstari wa mwisho tu. Juu yake kuna stima, kuna mawimbi, kuna Gedion na Timau yake, kuna miwani ya Daktari, kuna lile shimo la mwaka juzi. Lakini kila nikipanda nasimama Jumatano mchana, pale mama anapouliza swali na binti anamjibu vizuri kabisa, kila neno la kweli, huku anatazama kwingine. Wambeti hajawahi kulitaja. Huwa anaosha sahani zake, anapanga visima vyake, na siku hizi hanitanii kuhusu majani chai. Kiongezeo kile huchora mkunjo kwa muda wa kupiga chafya.

Tulikwenda mazishini, maabara nzima. Daktari Kiunga alileta viazi kutoka Kibirichia, pikapu imejaa, na mchele wa Mwea, akasema kwa sauti kila kitu kimetoka wapi, mara mbili, hakuna aliyemuuliza. Wanawake wa kikundi walipika. Mchungaji alipomaliza na kaburi lilipofunikwa, watu walikaa kwenye viti vya kukodi, na masufuria yakafunuliwa, mvuke ukapanda.

Hakuna aliyesogea. Watoto wa shule walikuwa wamekaa mbele na sahani tupu mapajani, wanatazama chakula, na mama zao wamewashika mabega. Wanawake wa kikundi walisimama nyuma ya masufuria, kila mmoja anamngoja mwenzake. Aliyekuwa akionja kwanza ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Wambeti aliinuka kwenye viti vya familia. Alivua viatu vilivyojaa udongo wa kaburi, akaenda hadi kwenye sufuria ya kwanza, akaomba kijiko. Alichota kiazi, akakipuliza, akakila akiwa amesimama wima ili wa nyuma wamwone. Alimeza. Akaenda kwenye sufuria ya pili akafanya hivyohivyo, na ya tatu. Kisha akashika upawa, akamtazama mtoto aliyekuwa karibu zaidi, na kumwambia alete sahani.